Juu ya Stadi Ziitwazo Laini

Vyuo vinavyofundisha vijana kazi ya kuandika programu za kompyuta vina desturi ya kuyagawa mafundisho yao mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mambo yaitwayo magumu: hesabu, mantiki, lugha za kuamuru mashine na ufundi wa kuhifadhi data. Fungu la pili ni la mambo yaitwayo laini: kusikiliza, kusema kwa ufasaha, kushirikiana na wenzi, kuvumilia maudhi, kukiri kutojua. Fungu la kwanza hupewa miaka, walimu na mitihani ya kutoa jasho. La pili aghalabu hupewa saa chache za mchana, wakati wanafunzi wamechoka na mwalimu mwenyewe ana haraka ya kwenda zake. Hapana alalamikaye, maana jina lenyewe limekwisha kutoa hukumu: kitu kilaini hakihitaji meno.

Hukumu hiyo ni ya uongo. Jina la stadi laini halikuzaliwa katika kazi ya programu. Lilitumiwa na jeshi la Marekani, ambalo mwaka 1972 liliitisha mkutano mzima kulijadili. Jeshi lilikuwa na vifaru, mizinga na magari, likataka neno la kutenga kazi ya kushika chuma na kazi isiyoshika chuma. Basi kuongoza watu, kukagua na kuandika taarifa kukaitwa laini kwa sababu tu hakukuhusu mashine. Kwa mkufunzi wa askari wa vifaru mgawanyo huo wawezekana kuwa na manufaa yake. Kwa mhandisi wa programu hauna hata chembe, kwa kuwa programu si chuma. Programu ni maneno: ni maagizo yaliyoandikwa na mtu mmoja juu ya maisha ya watu wengine, yakakabidhiwa mashine isiyoweza kuuliza swali. Ikiwa mwenye kuyaandika hakuyasikia maisha yale sawasawa, mashine haitamsahihisha. Itayarudia makosa yake kwa uaminifu, mara elfu kwa siku, wala haitachoka.

Mfano wa jambo hili hauna haja ya kuagizwa Ulaya. Upo Rufiji. Mto huo, mkubwa kuliko mito yote ya Tanzania, hujigawa matawi mengi kabla ya kuingia baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia, na katikati ya matawi hayo umesimama msitu wa mikoko usio na mfano katika pwani ya Afrika Mashariki. Delta hiyo leo imo katika wilaya ya Kibiti. Zamani yote ilikuwa Rufiji, na makao ya wilaya yalikuwa Utete. Kando ya barabara iendayo Lindi ipo miji midogo ya Bungu, Kibiti na Ikwiriri, iliyozungukwa na vijiji vya wakulima na wavuvi. Katika nchi hiyo, ambayo wengi wa wasomi wa Dar es Salaam huipita usingizini ndani ya basi, kompyuta ilitiwa katika mizani mapema kuliko katika sehemu nyingi za nchi, na yafaa kutazama ni nini kilichoifanya iwe na uzito.

Mwaka 1998 ilianza huko kazi ya kuandikisha watu kaya kwa kaya. Ilikuwa sehemu ya mradi wa Wizara ya Afya ya Tanzania na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Maendeleo cha Kanada, na baadaye ikalelewa na taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara. Eneo lake lilikuwa kata sita za kaskazini ya mto: Bungu, Kibiti, Mchukwi, Ikwiriri, Umwe na Mgomba, zenye watu zaidi ya elfu themanini. Mara tatu kila mwaka mtu alibisha hodi katika kila nyumba na kuuliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia, nani kahama. Majibu yake yalitiwa katika programu ya kuandikisha kaya ambayo asili yake ni Navrongo, kaskazini mwa Ghana.

Programu ya namna hiyo hulindwa na sheria za mantiki. Mtu hafi kabla ya kuzaliwa. Mtoto hamzidi mama yake umri. Aliyehama hawezi kujifungua katika kaya aliyoihama mpaka aandikwe kuwa amerudi. Ni sheria nzuri, na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili aweza kuziandika kwa lugha ya mashine kabla ya chakula cha mchana. Ugumu haukai hapo. Ugumu hukaa katika neno moja ambalo mwanafunzi huyo angeliandika bila kufikiri, nalo ni neno "mkazi".

Ni nani mkazi? Mkulima wa Rufiji aghalabu ana nyumba kijijini juu, mahali pakavu, na shamba bondeni, mahali maji ya mto hufurika na kuacha tope lenye rutuba. Maji yakipungua hupanda mazao ya mlao katika unyevu uliobaki. Mazao yakikaribia kukomaa, nguruwe, nyani na viboko nao huyajua. Basi mwenye shamba hupanda juu ya dungu lake, kibanda cha miti kilichoinuliwa kwa nguzo, akalinda kwa wiki nyingi, pengine na mke na watoto. Mgeni akibisha hodi kijijini akaikuta nyumba imefungwa, aandike nini? Wamehama? Hawakuhama. Wapo? Hawapo. Na mume mwenye wake wawili, mmoja Ikwiriri na mmoja Bungu, ahesabiwe katika kaya ipi? Akihesabiwa mara mbili, wilaya imepata mwanamume asiyezaliwa; asipohesabiwa kabisa, imemzika aliye hai. Na mwanamke ambaye majirani wote wamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kadi ya zahanati ina jina jingine, na cheti cha ndoa jina la tatu, je, hao ni wanawake wangapi? Na bibi asemaye kwamba alizaliwa mwaka wa mafuriko makubwa, katika nchi ambayo mafuriko ndiyo kalenda, ana umri gani?

Maswali yote hayo, yakifika katika kioo cha kompyuta, huwa visanduku vidogo vyeupe. Atazamaye kisanduku hadhani kwamba nyuma yake kuna mabishano. Lakini kila kisanduku ni uamuzi, na uamuzi mwema haupatikani ila kwa kukaa na wenye nyumba, kuuliza, kunyamaza, kuuliza tena kwa njia nyingine, na kuvumilia fedheha ndogo ya kuambiwa kwamba swali lako ni la kipumbavu. Hayo ndiyo yaitwayo laini.

Kuna zito kuliko hayo. Rufiji, kama sehemu nyingi za nchi wakati ule, wafu wengi walifia nyumbani bila cheti cha daktari. Ili kujua kilichowaua, ilibidi mtu aende nyumbani kwa marehemu baada ya siku za matanga, aketi na mama au mume au mwana, na kumwomba asimulie ugonjwa tangu ulipoanza. Homa ilianza lini? Je, mtoto alipatwa na degedege? Alipelekwa wapi kwanza? Na baada ya hapo wapi? Yafaa wale wanaolitamka neno laini kwa wepesi wafikirie sauti ambayo swali hilo la pili huulizwa kwayo, na mama aliyekaa mkekani akilisikiliza.

Majibu yaliyopatikana kwa subira hiyo kati ya 1999 na 2001 yalivunja jambo lililokuwa likikaririwa kama Aya. Wataalamu wengi walikuwa wakisema kwamba watu wa pwani wakiona degedege humkimbiza mtoto kwa mganga, na kwamba ndiyo sababu hospitali huwapokea wakiwa wamekwisha kuchelewa. Kumbe katika vifo vilivyodhaniwa kuwa vya malaria, karibu wanane kwa kila kumi walikuwa wametumia tiba ya kisasa peke yake au kabla ya nyingine. Wazazi walikuwa wamefanya waliloambiwa, na watoto wakafa hata hivyo. Basi lawama ikahama kutoka mlangoni pa mganga hadi katika zahanati, katika dawa yenyewe na katika muda uliopotea njiani.

Sasa mhandisi na atazame kazi yake ndani ya habari hiyo. Lau fomu ingalikuwa na kisanduku kimoja tu, "Alikwenda hospitali? Ndiyo au Hapana", utaratibu wa safari ya mgonjwa usingalionekana, wataalamu wangaliendelea kuwasimanga akina mama, na programu ingalikuwa sahihi kabisa kwa vipimo vyote vinavyofundishwa darasani. Isingalikwama. Isingalitoa kosa hata moja. Ingalihifadhi ujinga kwa usalama mkubwa.

Mradi ule ule ulikuwa na jambo la pili la kutazamwa. Katika Morogoro, wilaya iliyokuwa pacha wa Rufiji katika mradi, hesabu zilionyesha kwamba malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kwa vifo, nayo ikapewa asilimia 5 tu ya fedha za afya za mwaka 1996. Kifua kikuu, kilichochukua chini ya asilimia 4, kilipewa asilimia 22. Maofisa wa wilaya hawakuwa wapumbavu wala wezi. Walikuwa watu wenye kazi nyingi waliopewa majedwali manene yasiyosomeka. Watengenezaji wa programu za mradi wakayageuza majedwali hayo kuwa michoro michache, ili mganga wa wilaya na wenzake waone kwa jicho moja uzito wa maradhi na uzito wa fedha. Kuchora mihimili ni kazi ya dakika kumi. Kilichohitaji akili ni kujua mtu aketiye Utete kupanga bajeti ana mamlaka ya kubadili nini na hana mamlaka ya kubadili nini, anaogopa kuulizwa nini na wakubwa wake, na ni mchoro upi atakaoweza kusimama nao mbele ya madiwani akaueleza bila msaada wa mgeni.

Katika Rufiji vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000, na katika wilaya zote mbili vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano. Sifa hiyo si ya kompyuta. Zilikuwapo dawa, mafunzo ya wahudumu, redio za kupigiana simu kati ya zahanati na hospitali, na fedha ya nyongeza ambayo haikufika dola moja kwa kila mtu kwa mwaka. Lakini mazungumzo ya wapi pa kuweka fedha hiyo yalianzia mbele ya michoro, na michoro ilianzia katika masikio ya watu.

Wapinzani wa hoja hii wapo, na hawakosi akili. Wa kwanza husema kwamba mashine haina adabu wala haimtaki mwenye adabu. Yataka maagizo sahihi, na mtu mkavu mwenye kuandika maagizo sahihi ni bora kuliko mcheshi aandikaye upuuzi. Maneno hayo ni kweli, wala hapana aliyeyakana. Asiyejua kuandika programu si mhandisi, hata awe mpole kama njiwa. Lakini hoja hiyo yadhani kwamba usahihi ni jambo kati ya mtu na mashine tu. Hata Marekani, ulikokulia ufundi huu, walioujua zaidi hawakusema hivyo. Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba mfumo huja na sura ya namna wautengenezao wanavyozungumza wao kwa wao. Frederick Brooks, aliyesimamia mojawapo ya kazi kubwa za programu katika kampuni ya IBM, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika kazi iliyochelewa huichelewesha zaidi, kwa sababu muda huishia katika kuelezana. Hao hawakuwa wahubiri wa tabia njema. Walikuwa mafundi waliohesabu hasara.

Mpinzani wa pili ni hodari zaidi. Yeye husema: kila mtu na kazi yake. Kusikiliza na kusikilizwe na mtaalamu wa jamii, na bwana takwimu, na mkalimani. Mhandisi apewe orodha ya mahitaji iliyokamilika, afunge mlango, aandike. Kwa nje rai hii yaonekana ya busara. Kasoro yake ni kwamba hakuna orodha iliyokamilika, na pengo la orodha huzibwa na yule aliyefunga mlango. Chukua kisanduku kilichoachwa wazi. Karani kaulizia watoto waliofariki, mama hakujibu. Karani, kwa heshima, hakuandika kitu. Mashine yataka kuambiwa pengo hilo ni nini. Mhandisi, peke yake, saa nne ya usiku, aona ni rahisi kulifanya sifuri, maana sifuri huhesabika na pengo halihesabiki. Hakumwuliza mtu, kwa kuwa haikuwa kazi yake kuuliza. Tangu usiku huo kila mama aliyenyamaza amekuwa mama ambaye hakuzika mtoto, na wilaya yote imekuwa na afya bora kwa tendo la mtu mmoja aliyekuwa na usingizi. Hapana mtaalamu wa jamii atakayeligundua jambo hilo, kwa sababu yeye haisomi lugha ya mashine, na aisomaye hakuijua maana ya kunyamaza.

Mfano wa namna hiyo hiyo ulizaliwa na serikali yenyewe ilipoikata Kibiti kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Zile kata sita zilizokuwa zikiandikishwa pamoja zikajikuta katika wilaya mbili: Bungu, Kibiti na Mchukwi upande mmoja, Ikwiriri, Umwe na Mgomba upande wa pili. Kwa mwananchi ni mabadiliko ya ofisi ya kufuata. Kwa programu ni tetemeko. Asiyeuliza ataona mchoro ambamo Rufiji yapoteza umati wa watu kwa mwaka mmoja bila vita wala tauni, na Kibiti yazaliwa ikiwa na wazee. Karani wa zahanati anajua vema kijiji gani kimeangukia wapi na tangu lini. Anajua pia ni wagonjwa gani wavukao mpaka kwa kuwa zahanati ya jirani ni karibu zaidi. Lakini ni nani amwulizaye karani? Yeye si profesa wala mfadhili. Mhandisi aliyefundishwa kwamba maarifa yote hutoka juu humpita akisalimu kwa haraka, akaenda kumwuliza mkubwa ambaye naye atamwuliza karani.

Wapo tena watu wa kundi la tatu, nao si wapinzani. Ni marafiki wanaodhuru kuliko adui. Hao ndio wauzao stadi laini kama bidhaa. Humfundisha kijana kufunga tai, kushika mkono kwa nguvu, kumtazama mtu machoni, kutabasamu na kuandika wasifu wake kwa maneno ya kujisifu. Kijana huyo akipelekwa Mbwera au Salale na elimu hiyo atakuwa kichekesho. Kumkazia macho mzee wakati unazungumza naye si uaminifu huko, ni utovu wa haya. Kujisifu mbele ya baraza humfungia mtu midomo ya wote. Huko hodi hupigwa kwa mpangilio: afisa mtendaji, mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, kisha mwenye nyumba, shikamoo hutangulia jina, hali ya watoto hutangulia haja, na haja haitajwi kabla ya kukaa. Saa ya mkutano huamuliwa na maji: yakipwa, vijito vya ndani ya mikoko havipitiki, na mashua husubiri tope likubali. Programu iliyoamriwa ikatae taarifa iliyochelewa siku mbili imemhukumu mhudumu kwa kosa la mwezi na bahari.

Na adabu hizo si pambo la nchi ya kale. Katika 2016 na 2017 Kibiti na jirani zake zilipita katika hofu. Viongozi wa vijiji na askari wa polisi waliuawa, na watu wakawa hawajui nani ni nani. Katika majira kama hayo, mgeni anayebisha hodi na kuuliza, kwa mujibu wa fomu, "Nani wa kaya hii hayupo nyumbani, na amekwenda wapi?" haulizi tena swali la takwimu. Maneno ni yale yale, kisanduku ni kile kile, lakini kilichoulizwa ni kingine. Mhandisi asiyejua hilo ataona majibu yamepungua, ataandika katika taarifa yake kwamba wananchi hawana mwamko, na huenda akashauri swali hilo liwe la lazima, programu isisonge mbele mpaka lijibiwe. Amri ya lazima ni mstari mmoja tu wa maandishi. Hapo ndipo stadi laini inapokuwa jambo la usalama wa mtu.

Rufiji imewahi kulipa gharama ya wataalamu wasiosikia, kabla ya kompyuta kufika. Oktoba 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano ulioipa kazi ya programu jina la uhandisi. Mwaka huo huo maji ya Rufiji yalifurika sana, na serikali ikaanzisha operesheni ya kuwahamisha watu wa bondeni kuwapeleka katika vijiji vya nchi ya juu. Nia ilikuwa njema: shule, maji, zahanati, na usalama wa mafuriko. Lakini waliopanga waliyaona maji kuwa ni adui tu, ilhali mkulima aliyaona pia kuwa ni mleta tope, yaani mleta chakula. Vijiji vikawa mbali na mashamba, na ulinzi wa mazao ukawa mgumu. Kjell Havnevik, katika kitabu chake juu ya Rufiji kilichotoka mwaka 1993, ameieleza kwa kirefu hasara ya maendeleo yashukayo kutoka juu. Waliopanga operesheni ile hawakukosa hesabu. Walikuwa na ramani, vipimo na magari. Ndivyo alivyo mhandisi wa leo: ana kila kitu, na ndiyo maana hadhani kwamba kuna kitu amekosa.

Lipo jambo moja zaidi ambalo vyuo haviwezi kulitupa kwa wengine, nalo ni lugha. Kijana wa Kitanzania hufundishwa ufundi huu kwa Kiingereza, hufanya mtihani kwa Kiingereza, kisha hupelekwa kumweleza mhudumu wa zahanati kwa Kiswahili kile ambacho hakupata kukisema kwa Kiswahili hata siku moja. Hapo huanza kugugumia. Hutupa neno la kigeni baada ya neno la kigeni, mhudumu huitikia kwa heshima, na kila mmoja huondoka akidhani kwamba kasoro ni ya mwenziwe. Kisingizio cha kwamba Kiswahili hakina maneno kilikwisha kufa mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizoandikwa kwa Kiswahili tangu orodha za amri hadi maelezo ya makosa. Maneno yapo, na yasipokuwapo hutengenezwa. Asiyeweza kueleza kwa Kiswahili chepesi programu yake yafanya nini, na inapokosea hukosea wapi, kuna shaka kubwa kama anaijua.

Basi fungu la pili litoke katika saa za mchana. Stadi hizi zitahiniwe, na anayeshindwa ashindwe, kama ashindwavyo katika hesabu. Mwanafunzi apewe zahanati moja ya Kibiti, si kwa ziara ya siku moja ya kupiga picha, ila kwa muhula. Aandike daftari la karani kwa mkono wake kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu. Arudi mara ya pili na kazi yake, aonyeshwe makosa na yule yule karani mbele ya mwalimu, na alama za karani zihesabiwe. Walimu watasema kwamba jambo hilo lina gharama. Lina gharama kweli. Nauli ya basi ya Kibiti yajulikana, na gharama za mifumo iliyonunuliwa kisha ikaachwa bila kutumiwa nazo zingejulikana kama wenye kuinunua wangekubali kuzitaja.

Aprili 2024 maji ya Rufiji yalipanda tena, yakafunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti. Katika maafa ya namna hiyo huja orodha, na orodha siku hizi ni programu. Programu hiyo itakuwa na kisanduku cha makazi. Mtu mwenye nyumba iliyo kavu huko Ikwiriri juu, na dungu, mahindi na mpunga wake vyote chini ya maji bondeni, aandikwe kuwa amepatwa na mafuriko au hakupatwa? Jibu la swali hilo halimo katika hesabu wala katika mantiki, na lapasa liwemo ndani ya programu kabla ya masika yajayo. Yule atakayeliandika yupo darasani sasa hivi, naye bado hajafundishwa amwulize nani.